Trekta Dogo, Kamba Ndefu

Kwetu Lamu, nilikozaliwa na kulelewa, chombo hakivutwi kutoka majini. Maji ndiyo yanayokiacha. Babu yangu, aliyekuwa nahodha wa jahazi, alikuwa akingoja bamvua, yale maji yanayojaa na kupwa kupita kawaida, akikisogeza chombo chake ufukweni maji yakiwa yamejaa, kisha akikaa kivulini na buli la kahawa huku bahari ikirudi nyuma yenyewe. Ifikapo mchana jahazi limelala mchangani juu ya magadi yake, ile miti ya kuliegemeza, na mafundi wanalikwangua magamba na kulipaka shahamu kana kwamba maji yaliyokuwa hapo asubuhi hayakuwapo kamwe. Nilikua nikiamini kwamba kutoa chombo majini ni kazi ya kusubiri zaidi kuliko ya nguvu.

Mwaka 2017 nilihamia Jinja kumsaidia shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa, katika shughuli yake ya boti hapo Masese, kwenye Ghuba ya Napoleon. Huko ndiko nilikogundua kwamba elimu ya babu yangu ina mpaka. Ziwa Viktoria ni kubwa mno kiasi kwamba mgeni husimama ufukweni akasema hii ni bahari, lakini halina kupwa na kujaa kwa maana tunayoijua sisi watu wa pwani. Maji uliyoyaacha alfajiri ndiyo unayoyakuta adhuhuri, pungufu ya vidole viwili vitatu kutokana na upepo. Boti ikitaka kutoka ziwani, ni lazima itolewe.

Boti yenyewe ni ya fibaglasi, urefu wa futi 23, na hubeba wageni wanaokwenda kutazama mahali Mto Nile unapoanzia safari yake. Kabla sijafika, shemeji alikuwa akiipandisha kama wavuvi wa mwaloni, pale mitumbwi inapofikia, wanavyopandisha mitumbwi yao hadi leo, yaani kwa magogo, kamba na vijana kumi na tano. Njia hiyo ni nzuri kwa mbao, na inapendeza kuitazama kwa sababu ya nyimbo zake, lakini fibaglasi ikiburuzwa juu ya magogo hukwaruzika hadi nyuzi zake zikaonekana, na nyuzi zikishaonekana hunywa maji. Kwa hiyo aliagiza trela kwa wachomeleaji wa mjini, wakaiunda kutoka ekseli ya nyuma ya pikapu iliyokufa, kisha akanunua trekta dogo la Kijapani, lililokwisha kutumika, kutoka kwa mkulima wa miwa upande wa Kakira. Lilikuwa na nguvu za farasi 22, uzito wa kilo 900 hivi, na magurudumu yote manne yalikuwa yakivuta. Tulilitazama likiwa limesimama uani, jekundu, tukaona kwamba shida zetu zimekwisha.

Siku ya kwanza nilifanya lile ambalo nadhani kila mtu angelifanya. Nilifunga trela nyuma ya trekta, nikarudi kinyumenyume mpaka trela ikazama na magurudumu ya nyuma ya trekta yakaingia majini nusu. Boti ikasogezwa juu ya trela, ikafungwa. Nikatia gia ya chini kabisa na kuachia klachi taratibu. Trekta halikusita wala injini haikulalamika. Magurudumu yalizunguka tu, kwa utulivu, yakichimba. Kwa sekunde chache nilidhani tunakwenda, mpaka nilipoona mti uliokuwa ubavuni mwangu haujasogea. Nilipozima, tope lilikuwa limefika kwenye ekseli ya nyuma. Wale vijana kumi na tano, ambao walikuwa wamekaa juu ya mitumbwi wakitazama kwa upole ulioniuma kuliko kicheko, waliitwa tena. Siku hiyo shemeji alilipa mara mbili, mara ya kwanza kwa boti, na mara ya pili kwa trekta lililokuja kuvuta boti.

Hasara halisi ilijitokeza baada ya majuma mawili. Breki zilianza kulia na klachi kuteleza, na fundi mmoja mzee wa matrekta alipofungua kizibo cha chini cha difu, lile sanduku la gia la ekseli ya nyuma, mafuta yaliyomwagika hayakuwa meusi wala ya dhahabu, bali rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamepenya kwenye sili. Mzee yule alichovya kidole, akakitazama kwenye jua, akaniuliza kwa Kiswahili chake cha zamani cha jeshini, "Mwanangu, hii mashine inaogelea?" Nikamjibu kwamba hapana. "Basi ya nini kuipeleka majini?"

Swali hilo ndilo lililonifanya nichukue kalamu. Nilikuwa nikifikiri kwamba tatizo ni udogo wa injini, na tayari shemeji alikuwa ameanza kuulizia bei ya trekta la farasi 45. Lakini injini yetu haikuzimika siku ile. Ilizungusha magurudumu bila taabu, na injini inayoweza kuzungusha magurudumu papo hapo ni injini yenye nguvu za ziada. Kilichokosekana ni mshiko wa tairi, na mshiko hutokana na mambo mawili tu: uzito ulioko juu ya tairi na ardhi iliyo chini yake. Boti, injini yake na trela vilikuwa na uzito wa takriban kilo 1,700. Mwinuko wetu hupanda mita moja kwa kila mita saba, kwa hiyo mteremko peke yake hudai mvuto wa kilo 240 hivi. Juu ya hapo kuna magurudumu ya trela yanayozama katika mchanga na tope, ambayo kwa makadirio yangu yalidai kilo nyingine 300 na ushei. Na trekta nalo, likiwa limesimama kwenye mteremko uleule, lililazimika kujibeba lenyewe, kilo 130 nyingine. Kwenye tope bichi, chombo cha kilo 900 hakiwezi kushika ardhi kwa zaidi ya theluthi ya uzito wake. Hesabu haikuwa na njia ya kukubali. Trekta la farasi 45 lingechimba shimo kubwa zaidi.

Ukiitazama hesabu hiyo kwa makini, utaona kwamba karibu kila namba yake inaweza kubadilishwa bila kununua farasi hata mmoja. Trekta likihamishwa kutoka mtelemkoni hadi juu, kwenye changarawe kavu na tambarare, linaacha kujibeba na mshiko wake unapanda karibu mara mbili. Trela ikipitishwa juu ya kitu kigumu, zile kilo mia tatu za tope zinapungua hadi chini ya mia. Tulihitaji njia ngumu ndani ya maji, na kamba ndefu ya kuunganisha mashine iliyo kavu na mzigo ulio majini.

Njia tulianza nayo. Baada ya kuomba ruhusa kwa wahusika wa mwalo, tulimwaga mabamba ya zege nchi kavu, tukayachora mifereji ya mshazari kabla hayajakauka ili yasiteleze, tukayaacha majuma mawili, kisha tukayashusha majini yakiwa safu mbili zenye upana wa magurudumu ya trela. Kazi hiyo ya kupanga mabamba chini ya maji ilikuwa ya matope na ya polepole, na aliyesimama majini alivaa mabuti marefu ya mpira, kwa kuwa kichocho hakichagui mwenyeji wala mgeni. Trela nayo tuliitia gurudumu dogo la mbele ili isimame yenyewe bila kufungwa kwenye trekta, na pembeni mwa mkono wake tukafunga vikamba viwili vya kuiongoza kulia na kushoto.

Kamba ndiyo iliyokaribia kuniua. Niseme bila kujitetea kwamba kosa lilikuwa langu peke yangu. Nilifunga ncha ya kamba kwenye tundu la juu nyuma ya trekta, lile ambalo mkono wa tatu wa jembe hufungwa, kwa sababu lilikuwa karibu na mkono wangu na kwa sababu kamba ikiwa juu haikwaruzi ardhi. Trela ilipanda vizuri mita nne, kisha gurudumu lake la kushoto likagota kwenye ukingo wa bamba lililokuwa limeinuka. Mzigo ukakataa ghafla, magurudumu ya nyuma ya trekta yakaendelea kutaka kuzunguka, na kwa kuwa hayakuweza kusogea mbele, trekta lenyewe likaanza kuzunguka juu ya ekseli yake. Nakumbuka boneti jekundu likija juu mbele ya macho yangu mpaka likaziba paa la banda la samaki. Mguu wangu ulikuwa bado juu ya klachi, wala si kwa hekima, ni kwa uoga wa mtu asiyezoea, nikaikanyaga hadi chini na pua ikaanguka kwa kishindo kilichonifanya niume ulimi.

Baadaye nilielewa kilichotokea. Kamba inayovuta kutoka juu ya ekseli hufanya kazi kama wenzo unaopindua trekta kwa nyuma, na likishaanza huweza kufika mahali pasiporudika katika muda usiofika sekunde moja, yaani kabla dereva hajatambua kwamba anapaswa kuogopa. Kamba inayovuta kutoka chini ya ekseli, kwenye chuma cha kufungia trela, haina wenzo huo. Pua ikianza kuinuka, mahali pa kufungia hushuka na nguvu inayoinua hupungua. Sweden iliona uzito wa jambo hili mapema, na mwaka 1959 ikaagiza kwamba matrekta mapya yawe na fremu ya chuma ya kumkinga dereva. Letu pia lilikuwa na fremu lilipotengenezwa. Mtu fulani njiani, pengine ili lienee kwenye kontena, alikuwa ameikata kwa msumeno, na vishina vyake viwili vilibaki nyuma ya kiti kama meno yaliyovunjika. Juma lileile wachomeleaji walitutengenezea nyingine kutoka bomba nene, na mkanda wa kiti ukatolewa kwenye pikapu iliyotupa ekseli. Tundu la juu nililiziba kwa bolti nikaipiga nyundo ncha yake ili mtu yeyote, nikiwamo mimi siku ya haraka, asiweze kupitisha kamba humo.

Kuna ajali nyingine ambayo wenzangu hapa mwaloni wanapenda kunikumbusha. Mwaloni kwetu hukutana Kisoga, Kiganda, Kiswahili cha Wakenya na cha Watanzania, na kila mmoja hupiga kelele kwa lugha aliyolelewa nayo. Katika miezi yangu ya kwanza, boti ikiwa inapanda, kijana aliyekuwa majini aliona kwamba injini ya nyuma haijainuliwa na panga lake linakaribia zege, akanipigia ukelele, "Linda! Linda!" Kwa Kiganda alikuwa ananiambia ningoje. Mimi nilisikia Kiswahili, nikadhani anamwambia mwenziwe ailinde boti isigonge pembeni, nikaona wana akili vijana hawa, nikaendelea kuvuta. Panga lilipoteza ubawa mmoja. Tangu siku hiyo mwenye kutoa amri ni mmoja tu, anasimama ninapoweza kumwona, na hatumii ulimi kabisa: mkono ukiwa juu nasimama, ukiwa chini navuta, na nisipouona nasimama vilevile.

Hata hivyo, kwa mwaka mzima trekta liliendelea kusuasua siku za mvua, changarawe ilipolowa. Tulijaza maji kwenye tairi za nyuma hadi robo tatu, jambo ambalo katika nchi hii halina hatari yoyote kwani hakuna baridi ya kuyagandisha, na lilisaidia kiasi. Ufumbuzi wenyewe ulitoka Lamu. Nilikwenda kumzika babu, Mungu amrehemu, na katika vitu vyake nilikuta kapi mbili za mti, yaani puli za kupitishia kamba, zile zilizokuwa zikipandisha foromali, ule mti unaobeba tanga, na tanga lake, nikakumbuka kwamba watu wanne walikuwa wakiinua kwa kapi hizo mzigo uliohitaji wanane. Niliona aibu kidogo. Nilikuwa nimepiga hesabu ndefu kuhusu mshiko na mteremko, na kitu ambacho kila mtoto wa jahazi hukiona akiwa na miaka mitano kilikuwa kimenipita.

Mpangilio wetu sasa ni huu. Ncha moja ya kamba imefungwa kwenye mwembe mkubwa ulio juu, pale chini kabisa ya shina, juu ya gunia ili gome lisichubuke. Kamba inateremka hadi kwenye kapi ya chuma iliyofungwa kwenye mkono wa trela, inaizunguka, kisha inapanda kurudi hadi kwenye trekta lililo juu, pua yake ikielekea barabarani. Trekta likisogea mita mbili, trela hupanda mita moja, na mzigo unaohisiwa na trekta ni nusu, pamoja na kidogo kinacholiwa na msuguano wa kapi. Zile kilo 330 zilizobaki, 240 za mteremko na zile za trela zisizofika mia, zimekuwa 180 au 190, na trekta letu la farasi 22 hutembea nazo kama limesahau kwamba linavuta kitu. Bei ya mpangilio huu ni nafasi, kwa sababu ili boti ipande mita 15 trekta linahitaji mita 30 mbele yake, na jirani anayeanika dagaa njiani ni lazima aombwe mapema na kwa heshima. Kamba tunayotumia ni ile isiyonyumbuka sana. Nailoni ni nzuri kwa nanga, lakini ikikatika ikiwa imevutwa hurudi kama mjeledi, na hata hii yetu tunaiwekea gunia lililolowa katikati ili ikikatika ianguke chini. Hakuna anayeruhusiwa kuivuka wala kusimama ndani ya ile pembe inayoundwa na pande zake mbili. Kijana wa kabari hutembea ubavuni mwa trela akiwa na kabari iliyopigiliwa kwenye mpini mrefu wa jembe, akiisukuma nyuma ya gurudumu kila tunaposimama, bila kuingiza mkono wala mguu.

Mwaka 2020 kamba hiyo ilipata mtihani wake. Wageni hawakuwapo kwa sababu ya korona, boti ilikuwa imekaa nchi kavu, na ziwa likaja kuifuata. Mwezi Mei kipimo cha Jinja kilisoma mita 13.42, kikaipita kwa sentimita moja rekodi ya mwaka 1964. Vibanda vya mwaloni viliingia maji, mabamba yetu ya zege yote yalizama, na mahali trekta lilipozoea kusimama pakawa kinamasi. Majirani waliokuwa wakishusha trela kwa pikapu hawakuwa na pa kukanyaga. Sisi tuliunga kamba nyingine ya mita 20, tukahamisha trekta hadi karibu na barabara, na boti ikapanda kwa njia ileile, isipokuwa tulilazimika kuondoa kwanza gugu maji na vipande vya visiwa vinavyoelea vilivyokuwa vimelala juu ya zege.

Yaliyobaki ni ya matengenezo. Trela iliyotoka safari ya barabarani haiingizwi majini papo hapo, kwa kuwa habu ikiwa moto na ikakutana na maji baridi, hewa iliyomo hunywea na kuvuta maji kupitia kwenye sili, na beringi huanza kula kutu siku hiyohiyo. Tunaiacha ipoe mpaka mtu aweze kuishika kwa kiganja bila kuinua mkono, na grisi hubadilishwa kila baada ya miezi mitatu. Ziwa letu halina chumvi, kwa hiyo kutu si adui mkubwa kama ilivyo baharini. Mchanga ndio adui.

Ila kuna maji ya ndani ya boti, na hayo niliyasahau kwa muda mrefu zaidi kuliko yote. Asubuhi moja baada ya mvua ya usiku trekta lilikataa kuvuta, kapi ikiwapo na changarawe ikiwa kavu. Tuliangalia kabari, kamba, breki, tusione kitu, mpaka shemeji alipopanda ndani akakuta maji yamefika magotini katika ngama, kule chini kabisa ndani ya boti. Mita moja ya ujazo ya maji ni tani moja kamili. Tulikuwa tukijaribu kupandisha boti mbili kwa pamoja, moja ya fibaglasi na moja ya mvua. Tangu hapo tunafua maji kwanza, yaani tunayachota na kuyamwaga nje, kisha tunavuta mpaka tundu la tezi, lililo nyuma ya boti, litoke juu ya maji, tunatia kabari, tunachomoa kizibo na kungoja yote yatoke. Kizibo hicho naletewa mimi kwenye trekta, na safari haiendelei mpaka nikishike.

Mwanzoni nilikuwa nakitia mfukoni. Kisha shemeji aliishusha boti siku ya Jumapili mimi nikiwa kanisani kwenye harusi ya jirani, kizibo kikiwa mfukoni mwangu, na wageni sita wakiwa wamekwisha kuvaa maboya. Walitoka wakiwa wamelowa hadi viunoni, mita kumi kutoka ufukweni, wakicheka kwa bahati nzuri. Sasa kizibo, boti ikiwa juu, kinaning'inia kwenye mkufu mmoja na ufunguo wa trekta, na ni kizito na kinanuka dizeli, na mtu yeyote anayetaka kuwasha trekta ili aishushe boti hukuta kimemjaa mkononi kabla hajaufikia ufunguo.